Mafunzo Niliyopata Nikisubiri Mtoto Kiserian

1. Swali la kliniki lina jibu moja

Nesi hufunua kijitabu cha mama na mtoto na kuuliza: "Mama, utanyonyesha?" Sijawahi kusikia mtu akikataa. Dada aliyekaa kando yangu kwenye benchi alikuwa ametoka kuninong'oneza kwamba likizo ikiisha atahamia maziwa ya kopo. Alipoulizwa, aliitikia "Ndiyo, sista" bila kusita. Wala hakudanganya, angenyonyesha, mpaka likizo iishe. Uamuzi wenyewe umejificha kwenye maswali ambayo foleni ndefu haimpi nesi nafasi ya kuyauliza: unaondoka nyumbani saa ngapi, nani anabaki na mtoto, na kazini kuna chumba chenye mlango unaofungika?

2. Likizo na barabara huamua kabla yako

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Kliniki inataka miezi sita ya maziwa ya mama pekee, hata maji usimpe. Miezi mitatu inayobaki ni shauri lako na Barabara ya Magadi. Anayefanya kazi Nairobi hupanda matatu kabla ya jua kuchomoza, hukwama Rongai, na jioni hukwama tena palepale. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Nilipomwuliza bosi wangu, alinionyesha stoo. Na mimi angalau nina barua ya kazi. Anayefua nguo za watu kwa kibarua hana hata hiyo likizo.

Kitaifa, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa afya wa 2008 na 2009. Mwaka 2014 wakafika asilimia 61. Mwaka 2022 walikuwa 60. Mahubiri tumeyasikia na mabango tumeyasoma. Kilichotukwamisha, kwa maoni yangu, ni saa za kazi.

3. Jifunze kukamua ukiwa bado na tumbo

Jirani yangu wa ploti, mwenye mtoto mchanga, alinifundisha jikoni kwake. Alinawa mikono, akamwagia kikombe cha chuma maji yaliyochemka, akainama. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma ya lile duara jeusi la titi. Anasukuma kuelekea kifuani, anabana, anaachia. Mara ya kwanza maziwa hayakutoka. Akaendelea kupiga gumzo, yakaanza kudondoka, kisha yakaruka. Akaniambia nje ya friji anayaweka kwa muda wa saa nne tu, na yaya anamnywesha mtoto kwa kikombe, kwa sababu chupa ina shingo na pembe zisizosafishika vizuri kwa maji ya mtungi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi na kunyonyesha vinaweza kukaa nyumba moja. Hakuna kijitabu kilichonishawishi kama kile kikombe.

4. Mama mkwe apelekwe kliniki

Wa kwangu alishasema maziwa ya siku za kwanza, yale ya manjano, ni machafu na yakamuliwe yamwagwe, mtoto apewe maji ya sukari. Sikubishana, binti hamshindi mama kwa maneno. Nilimwomba anisindikize. Nesi, mtu mzima wa rika lake, akamwambia, "Mama, hiyo dang'a ndiyo kinga yake ya kwanza, usiimwage." Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Kesho yake alianza kupanga nani ataleta njahi na nani atasaga wimbi wa uji.

5. Usimhoji mwenye chupa, wala asiye nayo

Dada mmoja anayeishi na virusi vya Ukimwi aliniambia kilichomtisha zaidi kilikuwa kopo la maziwa kuonekana dirishani: ploti nzima ingeuliza kwa nini. Mwongozo wa sasa nchini ni kwamba mama atumie dawa zake za ARV bila kuruka, anyonyeshe pekee miezi sita, kisha aongeze chakula huku akiendelea kunyonyesha, na mtoto apewe dawa ya kinga. Hatari ni kuchanganya maziwa yake na vitu vingine mapema. Alichagua kunyonyesha, na majirani hawajui lolote.

6. Hesabu nepi

"Maziwa hayatoshi" utaambiwa na kila mgeni atakayesikia mtoto akilia. Baada ya wiki ya kwanza, nepi sita au zaidi zilizoloa kwa mkojo kwa siku, na uzito unaopanda kliniki, vinakupa jibu. Mgeni akiendelea, mwonyeshe kamba ya kuanikia.