Saa za Tiketi ya Muscat

SWALI: Mama anakwenda Muscat kumwona dada yangu. Tiketi inaonyesha ataondoka Dar es Salaam 10:00 na kufika 16:15. Kurudi, ataondoka 09:00 na kufika 13:15. Mbona kwenda ni saa sita na robo, na kurudi saa nne na robo?

JIBU: Ndugu msomaji, safari ni ileile. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni karibu kilomita 4,000 angani, na ndege iendayo moja kwa moja huchukua kama saa tano na robo. Kinachokuchanganya ni saa za nchi: Oman imetutangulia kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila uwanja. Kwa hiyo unapokwenda, toa saa moja. Unaporudi, ongeza moja. Zote mbili zitakupa saa tano na robo.

Mwambie dada yako ampokee saa kumi na robo jioni kwa saa za Muscat. Na kama mama anakunywa dawa kwa saa, asibadilishe saa yake ya mkononi hadi atue, ili asikosee dozi akiwa njiani.