SOMO KWA WAFANYAKAZI: CHAKULA BORA NA MAZOEZI YA MWILI



Madarasa ya chakula bora na mazoezi yamefika katika baadhi ya kambi zetu za miwa na chai, na hata penye viwanda. Ni jambo jema. Lakini darasa la namna hii hufaa pale tu linapouliza kwanza: mwanafunzi anafanya kazi gani, na mshahara wake unanunua nini?

Katika kambi moja ya miwa hapa Uganda, mwalimu alifundisha mayai, samaki wabichi, na kukimbia nusu saa kila asubuhi. Mkata miwa mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, hiyo asubuhi ni kabla ya lori kutuchukua saa kumi na moja, au baada?" Watu wakacheka, na juma lililofuata walikuja wanne tu. Mwalimu alisema kweli kuhusu mayai. Tatizo ni kwamba alimfundisha mtu ambaye hakuwapo pale.

Basi na tuanze na sufuria iliyopo. Wengi wetu tunakula posho nyeupe na maharage, mchana na usiku. Maharage ni chakula cha heshima, yanajenga mwili, asikudanganye mtu. Posho nayo inatia nguvu, lakini mahindi yakikobolewa sana hupoteza sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi zake. Unga usiokobolewa, ambao wenzetu wa Tanzania wanauita dona, ni bora zaidi. Ongeza majani: dodo, sukuma wiki, majani ya kunde au ya maboga yanayoota nyuma ya nyumba. Ongeza mukene kidogo, au karanga zilizosagwa, au simsim. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama inauma, kwa sababu sumu yake huharibu ini na haiishi kwa kupikwa.

Kwa nini mahindi peke yake hayatoshi? Historia ya wafanyakazi wenzetu inajibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu wengi waliugua pelagra. Ngozi ilibabuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi wakafa. Wakubwa wengi wa tiba walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, au ni uchafu wa maskini. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Daktari Joseph Goldberger kuuchunguza. Yeye alijidunga damu ya wagonjwa mwilini mwake, asiugue. Kuanzia 1916, pamoja na mtaalamu wa takwimu Edgar Sydenstricker, alikwenda katika vijiji vya viwanda vya pamba huko South Carolina, akahesabu nyumba kwa nyumba: mapato ni kiasi gani, na chakula ni kipi. Wakaona kwamba kadiri mapato yalivyokuwa madogo, ndivyo pelagra ilivyozidi. Waliokula unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe ya chumvi waliugua. Waliopata maziwa na nyama mbichi walinusurika. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alitambua kitu kilichokosekana, vitamini iitwayo niasini. Karanga zina niasini nyingi, na samaki pia.

Wafanyakazi wale hawakukosa elimu ya kupika. Walikosa fedha ya maziwa. Mwalimu wa chakula asiyetaka kusikia habari za mshahara ameacha nusu ya somo lake nje ya mlango.

Sasa chumvi na sukari, kwa sababu presha na ugonjwa wa sukari si magonjwa ya matajiri tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Piga hesabu nyumbani: watu wazima sita ni gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haitakiwi kwisha kabla ya siku 16. Ikiisha kwa juma moja, umejua. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 zina sukari ya karibu gramu 30, kama vijiko saba vya chai. Hiyo fedha ingenunua mukene.

Kuhusu mazoezi, kazi hazifanani. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakatangaza matokeo mwaka 1953. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata magonjwa ya moyo machache kuliko madereva waliokaa. Baadaye Morris mwenyewe aligundua kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si kiti peke yake cha kulaumiwa. Hata hivyo utafiti mwingi uliofuata umethibitisha kwamba mwendo unalinda moyo. Fundi wa cherehani, karani na mlinzi wa geti wanahitaji angalau dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka, kucheza mpira au ngoma. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano. Kidogo pia kinafaa.

Mkata miwa asiambiwe hivyo. Yeye anahitaji maji, kivuli na kupumzika. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, hata vijana, wamekufa kwa figo bila kuwa na sukari wala presha, na joto pamoja na kazi nzito ndivyo vinavyoshukiwa zaidi. Baadhi ya mashamba ya huko yameanza mpango wa maji, mapumziko na kivuli.

Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa. Tangi likiwa mwisho wa shamba, mbali na wanaokata, mwakilishi wenu apeleke jambo hilo kwenye kamati. Chakula cha mchana nacho ni jambo la mkataba: majani mara ngapi kwa juma, unga wa namna gani, nani anaonja.

Wanaotaka kuanzisha darasa wachague siku ya mapumziko, si jioni ya kazi. Waitwe wapishi wa kantini na wanaopika nyumbani, wake kwa waume. Kila mmoja aje na pakiti yake ya chumvi na bei za sokoni za juma hilo, na mwalimu aje na kijiko cha chai.