Nyuzi Zilizokataliwa

Huenda mmewahi kusikia kwamba eti kila kitu ulimwenguni kimetokana na nyuzi ndogo mno. Wazo hilo lilitoka wapi? Halikuanza na ulimwengu wote. Lilianza na swali moja: nguvu inayozishika protoni na neutroni ndani ya kiini cha atomu inafanyaje kazi?

Mwaka 1968 Mwitaliano Gabriele Veneziano, akiwa CERN kule Geneva, aliona kwamba fomula ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, inaeleza vizuri jinsi chembe zenye nguvu hiyo zinavyogongana. Sawa, inaeleza, lakini kwa nini? Kufikia 1970 Yoichiro Nambu, Holger Nielsen na Leonard Susskind, kila mmoja kwa njia yake, walijibu: chembe hizo si nukta, ni nyuzi zinazotetema. Fikiria gitaa. Uzi ni mmoja, sauti ni nyingi. Vivyo hivyo, kila mtetemo ni chembe tofauti.

Hapo shida zikaanza. Hesabu zilidai vipimo 26 vya nafasi na wakati, baadaye 10, nasi tunaviona 4 tu! Tena zilitoa chembe isiyo na masi, yenye spini 2, ambayo kwenye nguvu ya kiini haipo. Kufikia 1973 nadharia ya kwaki ilieleza nguvu hiyo vizuri zaidi. Wengi wakaziacha nyuzi.

Lakini mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakajiuliza: je, kama chembe ile si kosa? Chembe ya aina hiyo hasa ndiyo inayotarajiwa kubeba nguvu ya uvutano. Kumbe nadharia ilikuwa imepewa kazi isiyo yake! Wachache waliwasikiliza. Scherk alifariki mwaka 1980. Schwarz hakukata tamaa, na mwaka 1984 yeye na Michael Green walionyesha kwamba kasoro kubwa iliyohofiwa katika hesabu zake inajifuta yenyewe. Ghafla wengi wakarudi.

Je, basi ni kweli? Tuwe waangalifu. Hadi leo hakuna jaribio lililoithibitisha. Falsafa inatukumbusha: wazo lisilojipinga linawezekana, lakini kuwezekana siyo kuwa kweli.

Tafakari: kitu gani umekitupa kwa kuwa hakikujibu swali lako? Pengine swali ndilo lilikosewa.