Andalio la Mchezo: Somo la Kupanga kwa Maandishi

Wanachuo wengi hudhani kwamba mchezo wa video hutungwa na mtu mmoja aketiye mbele ya kompyuta na kuanza kazi papo hapo. Sivyo. Michezo mikubwa hutungwa na watu wengi: wachoraji, waandishi wa programu na watunzi wa sauti. Ili wote waelekee upande mmoja, aghalabu huandikwa kwanza waraka wa mpango, unaoeleza lengo la mchezo, kanuni zake, na namna ya kushinda.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1992, katika kampuni ya id Software huko Texas, Marekani, Tom Hall aliandika waraka ulioitwa Doom Bible. Alieleza humo kisa, wahusika na silaha za mchezo uliokusudiwa. Mwenzake, John Carmack, aliona kisa kirefu si cha lazima. Sehemu kubwa ya waraka iliwekwa kando. Mwaka 1993 Hall aliondoka, na Desemba ya mwaka huo mchezo wa Doom ulitolewa bila kisa chake.

Je, waraka ule ulikuwa kazi bure? Hatuoni hivyo. Baadhi ya mawazo yake yalitumika. Na ni afadhali kufuta mstari karatasini kuliko kubomoa kazi ya miezi. Hata hivyo mfano huu unatuonya kwamba mpango usiokubaliwa na watendaji hauongozi kazi.

Jambo hili laweza kufundishwa katika Darasa la Sita pasipo kompyuta. Hatua zake ni hizi:

1. Wagawe wanafunzi katika vikundi. Kila kikundi kichague mchezo na kuandika lengo, vifaa, kanuni na namna ya kushinda.

2. Vikundi vibadilishane karatasi. Kila kikundi kicheze kwa kufuata maandishi tu. Watunzi watazame wasiseme neno.

3. Watunzi waandike kila mahali wachezaji waliposita, kisha wasahihishe.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo. Tulipoijaribu na wanachuo wetu, kikundi kimoja kiliandika mchezo wa rede. Hawakueleza mchezaji afanye nini chupa ikianguka kabla haijajaa mchanga. Wachezaji wakasimama, wakabishana. Watunzi walilijua jibu, lakini lilikuwa vichwani mwao, si karatasini.

Nasi tulikumbuka kosa letu. Tulipoanza kazi, tulikuwa tukijaza andalio la somo baada ya kipindi, ili mkaguzi alikute. Siku moja tukaugua. Mwenzetu aliyeshika darasa hakukuta andalio la siku ile, na la jana yake lilisema tu: "Mwalimu ataeleza." Watoto wakakaa kipindi kizima bila somo.

Andalio, basi, si la mkaguzi. Huandikiwa yule atakayefanya kazi wakati wewe hupo.

Zoezi: Mpe mwenzako andalio lako la kesho. Mtazame akilisoma, wala usimweleze lolote. Andika kila swali atakalouliza.