Homa ya Maziwa: Chokaa katika Mwili wa Ng'ombe Aliyezaa

Jina la ugonjwa huu ladanganya. Huitwa homa, lakini ng'ombe aliyeshikwa nao hana joto; masikio yake ni ya baridi, na mwili wake hupoa. Tena hushika ng'ombe aliye bora zizini: yule mwenye maziwa mengi, aliyekwisha kuzaa mara tatu au zaidi, na hasa wa asili ya Jersey. Asipotibiwa upesi aweza kufa kabla ya siku moja kwisha, na pamoja naye hupotea maziwa ya watoto na fedha ya karo. Kwa hiyo yakupasa kuujua vema.

Sababu yake

Katika mwili wa ng'ombe mna madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu. Karibu yote yamo katika mifupa na meno. Sehemu iliyomo katika damu ni ndogo mno, kadiri ya gramu 3 tu. Lakini bila hiyo misuli haifanyi kazi, wala tumbo halisagi chakula, wala moyo haupigi sawasawa.

Sasa fikiri hesabu hii. Lita moja ya dang'a ina gramu 2 za chokaa au kupita. Ng'ombe atoaye lita 8 za dang'a kwa siku amekwisha kutoa gramu 16, yaani zaidi ya mara tano ya chokaa yote iliyomo katika damu yake. Mwaka 1925 Henry Dryerre na J. Russell Greig wa Uskoti walieleza kwamba upungufu huo wa chokaa katika damu ndio asili ya ugonjwa.

Mwili una njia ya kujaza pengo hilo. Tezi ndogo zilizo shingoni huamuru mifupa itoe akiba yake, na vitamini D huyawezesha matumbo kufyonza chokaa kutoka katika chakula. Vitamini hiyo ng'ombe huipata kwa kupigwa na jua na kwa kula nyasi zilizokaushwa juani. Lakini njia hiyo huchukua siku mbili tatu kuamka, na maziwa hayangoji.

Kosa lifanywalo na wengi

Wafugaji wengi husema, "Kwa kuwa ugonjwa ni wa upungufu wa chokaa, nitampa chokaa tele kabla hajazaa." Hilo ni kosa. Ng'ombe alishwaye chokaa nyingi katika majuma ya mwisho ya mimba, tezi zake hulala, kwa kuwa hazina kazi. Siku ya kuzaa zikihitajiwa, haziamki upesi. Akiba imo mifupani, lakini mlango umefungwa.

Basi, shika mambo haya:

1. Majuma matatu kabla ya kuzaa, punguza lusini, desmodiamu na majani mengine ya jamii ya kunde, maana yana chokaa nyingi. Usimpe madini ya ng'ombe wakamwao. Mpe nyasi kavu na mabua ya mahindi, na pumba kidogo.

2. Usimpe magadi wakati huo. Magadi si chokaa, tena huzidi kuilegeza kazi ya tezi. Majani yaliyooteshwa kwa samadi nyingi nayo yana madhara ya namna hiyo, yapunguze.

3. Akiisha kuzaa, rudisha majani ya kunde na madini yenye chokaa siku ile ile, wala usichelewe.

4. Sindano ya vitamini D hutumika kwa ng'ombe aliyewahi kuugua, lakini sharti ichomwe siku chache kabla ya kuzaa, tena kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Ikizidi, chokaa huganda katika moyo na mishipa, nayo dawa hugeuka kuwa sumu.

Haya yote hayawezekani usipojua siku ya kuzaa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku aliyopandwa, kisha hesabu miezi tisa na siku kama kumi.

Dalili na msaada wa kwanza

Mwangalie sana kwa siku tatu tangu azae, usiku na mchana. Kwanza hutetemeka na kuyumba miguu ya nyuma. Kisha hulala asiweze kuinuka, hukunja shingo na kuweka kichwa ubavuni, pua hukauka, wala hatoi mavi. Mwisho hulala ubavu, tumbo hujaa hewa, na mauti yako karibu.

Uonapo dalili ya kwanza, peleka habari kwa daktari wa mifugo mara moja. Wakati unapomngoja, mkalishe ng'ombe kwa kifua, umwegemeze kwa magunia yaliyojazwa majani, umgeuze upande baada ya saa chache. Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa, kwa maana koo limelegea, na maji yataingia mapafuni.

Daktari atamtia dawa ya chokaa katika mshipa, polepole, akisikiliza moyo. Ikiingia kwa haraka moyo husimama. Kwa hiyo usijaribu kazi hiyo mwenyewe. Mara nyingi ng'ombe huinuka baada ya muda mfupi, kana kwamba hakuwa mgonjwa. Hata hivyo usimkamue mpaka tone la mwisho siku hiyo. Kamua ya kumtosha ndama, ukamwangalie tena kesho, kwani wako waangukao mara ya pili.

Chokaa ni chakula chema, lakini kina wakati wake: kidogo kabla ya kuzaa, kingi baada ya kuzaa. Ukilishika neno hilo moja, ng'ombe wako bora hatakuwa wa kwanza kufa.