Anwani za IP Hospitalini: Kukadiria Idadi Itakayotosha

Mama aliyetoka kijijini, iwe Handeni au Korogwe, akiwa na mtoto mwenye homa, huweza kuambiwa hospitalini asubiri kwa kuwa "mtandao unasumbua". Damu imekwisha kupimwa na jibu limo katika mfumo, ila kompyuta ya daktari haiwezi kulifikia. Mara nyingine kasoro si waya wala umeme, anwani zimekwisha.

Kila kifaa kilicho mtandaoni huhitaji anwani yake ya IP, kama kila mgonjwa aliyelazwa anavyohitaji kitanda. Mtandao mdogo ni mfano wa wodi. Ukubwa wake hupangwa tangu mwanzo, nao hupanda kwa kuzidishwa mara mbili: 32, 64, 128, 256. Anwani mbili hazipewi kifaa chochote: ya kwanza huutambulisha mtandao wenyewe, ya mwisho hutumika kuvitangazia vifaa vyote. Hivyo katika 64 hubaki 62.

Ichukuliwe hospitali yenye kompyuta 34, printa 9, mashine 3 za maabara, vituo 4 vya waifai, seva 1 na ruta 1. Jumla ni 52, na fundi aweza kuridhika na mtandao wa 64. Lakini jengo jipya la wazazi likifunguliwa na vifaa 12, jumla inakuwa 64 kamili, na nafasi ni 62. Vifaa viwili vitakavyochelewa kuwashwa vitakosa.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau simu. Watumishi 60 wakiunganisha simu zao katika waifai hiyo hiyo, kila moja hushika anwani, na mwenyewe akienda nyumbani anwani hubaki imeshikwa mpaka muda wake uishe, mithili ya kitanda cha mgonjwa aliyeruhusiwa ambaye jina lake halijafutwa daftarini. Yafaa vifaa vya tiba viwe na mtandao wao wa 128, na simu mwingine wa 128 wenye muda mfupi wa kushika anwani. Yote miwili hutoka katika fungu moja la 256.

Hospitali mbili zikitarajiwa kuunganishwa, mafungu yasifanane: moja itumie 10.20.1.0, nyingine 10.20.2.0. Korogwe, mojawapo ya vituo 11 vya Afrika katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009, ni mahali panapojua hatari ya wagonjwa wawili kuandikwa kwa namba moja.

Muuguzi naye ana la kutazama. Kompyuta ya Windows iliyokosa kupewa anwani hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Akiiona hiyo amwite fundi, na wakati huo jibu la mtoto liandikwe karatasini, lipelekwe kwa daktari kwa mkono.