Kumshika Mkono Mwanafunzi Aliyezidiwa

Imepokewa ya kuwa baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624 Miladia), mateka wasio na mali waliojua kuandika walijikomboa, kila mmoja kwa kufundisha watoto kumi wa Madina. Basi ikiwa kazi hii ilitosha kuwa fidia ya mateka, Muislamu aliye huru ana udhuru gani?

Mtoto aliyezidiwa na somo huona haya, kisha hukimbia chuo. Amwonaye na amkalishe baina ya Magharibi na Isha, bila ya ujira: aitafute herufi aliyokwamia, aanzie hapo, wala asimfedheheshe mbele ya wenziwe. Kipofu aliyetajwa katika Sura ya Abasa alikuja kutafuta ilimu, na Mwenyezi Mungu hakuridhia apuuzwe.